Mwanangu wa kiti mwendo anacheza besiboli. Wazazi mlio Marekani, msiwaweke watoto pembeni ya uwanja

Baba wa Watatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa Clarkston, jimbo la Georgia, mashariki kidogo ya Atlanta. Wengi mnapajua, ukiingia dukani hapa hukosi wa kusalimiana naye kwa Kiswahili. Sisi asili yetu ni Kivu Kusini, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, na watoto wangu wote watatu wamezaliwa kambini. Wa kati ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu. Ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo. Miguu haimbebi na mkono wa kushoto umekaza. Kambini tulimbeba mgongoni, mimi na mama yake kwa kupokezana, mpaka akawa mzito. Huku ndiko alikopata kiti mwendo.

Kaka yake anacheza mpira wa miguu kila Jumamosi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwapeleka wote: mkubwa anaingia uwanjani, huyu wa pili namweka kando ya mstari, kwenye kivuli, nampa maji na biskuti. Nilijiona baba mwema, maana sikumfungia ndani. Shule yake ya kwanza hapa nayo, kipindi cha michezo alipewa kazi ya kuandika mabao ya wenzake. Hakuwahi kulalamika. Siku moja tunarudi nyumbani akaniuliza, "Baba, mimi nitaangalia mpaka lini?"

Niliegesha gari kando ya barabara. Jibu sikuwa nalo.

Mama mmoja anayemfanyisha mazoezi ya viungo ndiye aliyeniandikia maneno mawili kwenye karatasi: Miracle League. Ni ligi ya besiboli ya watoto wenye ulemavu. Nilikaa na ile karatasi mfukoni karibu mwezi mzima. Nilijisemea, besiboli yenyewe siijui, na mtoto wangu atashikaje gongo la kupigia mpira kwa mkono mmoja? Naomba radhi kwa mwanangu kwa mwezi ule.

Tulipofika uwanjani, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ardhi. Mliowahi kusukuma kiti mwendo mtanielewa. Yale magurudumu madogo ya mbele ndiyo adui. Ukikanyaga mchanga yanajizika, kwenye nyasi yanageuka upande, na kiti kinasimama ghafla mtoto akitaka kurukia mbele. Uwanja wa besiboli wa kawaida ni nyasi na udongo, na vituo vyake vya kukimbilia ni mito migumu iliyoinuka juu ya ardhi. Huu wa kwetu wote ni mpira, yaani raba, umemwagwa kama sakafu, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Vituo havikuinuka, ni rangi tu chini. Hata banda wanalosubiria wachezaji lina mlango mpana na halina ngazi. Nilimsukuma hatua tatu, nikaona ameshika magurudumu mwenyewe, akaniacha.

Sikumfuata. Nilisimama pale na mikono mitupu, sijui niiweke wapi.

Kila mtoto anapewa mwenza, mtoto wa rika lake au kijana asiye na ulemavu, anayekaa naye mchezo mzima. Wa kwake alikuwa binti wa miaka 13 hivi. Zamu yake ya kupiga ilipofika, jina lake likatangazwa kwenye kipaza sauti, jina lote na la ukoo. Mpira ukawekwa juu ya kinara kifupi. Vidole vya mwanangu vikitaka kushika kitu vinafunguka polepole, kimoja kimoja, na mimi nyumbani nimezoea kumfungulia. Yule binti hakumgusa. Alishika tu ncha ya chini ya gongo lisianguke, akasubiri. Uwanja mzima ukasubiri. Kidole cha nne, cha tano, kisha akafunga mkono. Akapiga, akakosa. Akapiga tena, mpira ukateremka ukabingirika kama hatua mbili.

Hatua mbili, jamani. Mama yake alipiga vigelegele mpaka Wamarekani wakageuka, na kufikia zamu ya pili walikuwa wanajaribu kupiga vigelegele pamoja naye.

Nimeandika haya kwa sababu kwenye mabenchi ya wazazi siku ile sikuona familia nyingine ya kwetu, na watoto wetu wapo. Nawajua. Wako vyumbani wanaangalia simu. Mwenye swali aulize, nitajibu ninachokijua.

Mwanamke wa Kigoma

Hongera sana baba. Nimesoma mpaka machozi. Swali la mtu asiyejua: besiboli ni kama rede? Na huo mpira si ni mgumu kama jiwe, watoto hawaumii?

Baba wa Watatu

Dada yangu, asante. Si kama rede. Kwenye rede unaukimbia mpira, huku unaupiga halafu ndiyo unakimbia. Kuna vituo vitatu na cha nne ni pale ulipoanzia, panaitwa nyumbani. Ukivizunguka vyote ukarudi nyumbani umepata pointi moja. Kawaida wapinzani wanaokota mpira haraka ili wakutoe kabla hujafika kituoni.

Ligi hii imebadilisha sheria chache tu. Kila mtoto anapiga kila zamu ya timu yake. Hakuna anayetolewa, ukipiga umefika salama. Na zamu haiishi mpaka kila mmoja amerudi nyumbani. Anayepiga mwisho anazunguka vituo vyote kwa mkupuo na waliobaki njiani wanaingia naye. Zinachezwa zamu mbili tu, kwa hiyo ndani ya saa moja mmemaliza. Mpira unaotumika ni laini. Asiyeweza kupiga mpira uliorushwa anawekewa kwenye kinara, anayeweza anarushiwa taratibu na kocha.

Chimbuko lake liko jirani na sisi, mji wa Conyers, kaunti ya Rockdale, nusu saa hivi kwa gari kutoka hapa. Mwaka 1997 kocha mmoja wa besiboli ya watoto, Eddie Bagwell, alimwona mtoto wa miaka 7 mwenye kiti mwendo ambaye hakukosa mazoezi wala mechi. Alikuwa anakuja kumshangilia mdogo wake wa miaka 5. Kocha akamwambia ingia na wewe. Mwaka uliofuata, 1998, wakaanzisha ligi yenyewe, watoto 35, timu nne. Walianzia kwenye viwanja vya kawaida, na hapo ndipo walipoona kuwa kinachowakwamisha watoto si miguu, ni udongo. Wakachangishana, vilabu vya Rotary vya pale vikasimamia, na Aprili 2000 uwanja wa kwanza wa sakafu ya mpira ukafunguliwa. Leo viko zaidi ya 200, ukihesabu na vya Canada na Australia.

Niliposoma habari ya yule mtoto wa kumshangilia mdogo wake nilifunga kompyuta nikatoka nje. Maji na biskuti.

Mzee wa Bandarini

Ndugu, hongera kwa mwanao, Mungu amkuze. Lakini niseme ya moyoni, na usinichukulie vibaya. Mimi nimecheza mpira Mombasa miaka ishirini. Mchezo ambao hakuna anayeshindwa ni mchezo kweli? Watoto hawa wana akili zao, wanajua wanapobembelezwa. Mjukuu wangu ni kiziwi, na ukimwachia ashinde anakasirika kuliko ukimfunga. Nachelea tusije tukawaonea huruma tukadhani tumewaheshimu.

Mwanamke wa Kigoma

Mzee shikamoo. Mimi naona ni mapema mno kusema hivyo kwa mtoto ambaye juzi tu alikuwa anaandika mabao ya wenzake.

Kocha wa Jioni

Nipo Kampala, nafundisha watoto besiboli na softiboli jioni baada ya kazi. Mzee ana hoja, nisikilizeni nyote.

Kwanza, msidhani mchezo huu ni wa Wamarekani peke yao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapa Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, shirika la besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka mmoja kabla yake, watoto wa Kampala walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Tulilia.

Hiyo Little League ina kitengo chake cha watoto wenye ulemavu tangu 1989, kinaitwa Challenger. Kinapokea kuanzia miaka 4 hadi 18, na hadi 22 kama bado yuko shule. Nacho kina wenza na hakihesabu pointi. Kwa hiyo ndugu zangu mnaoishi majimbo yasiyo na uwanja wa sakafu ya mpira karibu, ulizeni Challenger kwenye ligi ya mtaa wenu, inapatikana sehemu nyingi.

Sasa hoja ya mzee. Kuna besiboli ya wasioona ambayo haina huruma hata kidogo. Mpira una kifaa ndani, unalia pipi-pipi-pipi. Ulianza 1964, ukitengenezwa na mhandisi wa kampuni ya simu huko Colorado, Charles Fairbanks, na chama chao cha taifa kikaundwa 1976. Vituo ni viwili tu, nguzo za sponji zinazofika kifuani mwa mtoto mkubwa, na kila moja ina king'ora ndani. Ukipiga mpira, nguzo moja inaanza kulia, hujui ni ya kulia au ya kushoto mpaka uisikie. Unakimbia kuifuata sauti ukaigonge mwili mzima kabla wapinzani, nao hawaoni, hawajaukamata mpira kwa kuusikiliza chini. Wote wanafungwa vitambaa machoni ili mwenye mwanga kidogo asimzidi asiye nao kabisa. Mrushaji yeye anaona, na ni wa timu ya mpigaji: kazi yake ni kulenga pale gongo linapopita. Watazamaji wanakaa kimya, ukishangilia mapema umeharibu. Watu wanarukia mpira kwa tumbo, wanaumia, wanashindwa, wanalia, wanarudi.

Kwa hiyo mzee, mashindano yapo. Ila mtoto haanzi shule darasa la saba.

Na mwenye mtoto wa mkono mmoja amsimulie habari za Jim Abbott, mrushaji wa besiboli ya kulipwa Marekani. Amezaliwa bila kiganja cha kulia. Alikuwa anaegemeza glavu kwenye mkono huo mfupi, anarusha kwa kushoto, halafu kabla mpira haujafika kwa mpigaji ameshaingiza kushoto ndani ya glavu tayari kudaka. Septemba 4, 1993, akiwa na New York Yankees dhidi ya Cleveland, hakuna mpigaji hata mmoja aliyepata mpigo halali kwake mechi nzima. Wako warushaji wakubwa wenye viganja viwili waliostaafu bila kuipata siku kama hiyo.

Baba wa Watatu

Mzee wa Bandarini, shikamoo. Sijachukia, swali lako na mimi nililala nalo.

Nitakujibu kwa nilichokiona. Wiki ya tatu mwanangu alikuwa njiani kwenda kituo cha tatu, mtoto wa upande wa pili akaokota mpira na kumgusa nao begani, kama sheria ya kawaida inavyotaka. Mwanangu akamwambia mwenza wake, "Nimetolewa, twende." Yule binti akamwambia hapa hakuna kutolewa, baki. Akabaki, lakini uso ulibadilika. Kwenye gari akanieleza: "Baba, yule alinipata kihalali." Kwa hiyo ndiyo, wanajua. Mjukuu wako anakasirika kwa haki.

Ila mzee wangu, tazama na upande huu. Kwenye timu yetu yuko mtoto mwenye usonji ambaye wiki mbili za mwanzo hakutoka bandani, makelele yalimtesa, alikuwa ameziba masikio. Wiki ya tatu akafika kwenye mstari. Wiki ya tano akashika gongo, akalitupa, akakimbia moja kwa moja hadi kituo cha pili, cha kwanza hakukigusa. Ungemtoa kwa sheria? Yuko na binti anayepumua kwa mashine iliyofungwa nyuma ya kiti chake, mwenza anaongoza kiti na mama yake anatembea ubavuni akiichunga ile mirija. Hao hawabembelezwi. Kufika pale tu wameshavuka mengi kuliko niliyowahi kuvuka mimi kwenye mchezo wowote.

Na wangu ameanza kuhesabu mwenyewe. Ana daftari. Anaandika mpira umefika hatua ngapi. Wiki iliyopita zilikuwa 11. Akifika umri na nguvu za kutaka kushindwa kweli, nitamtafutia pa kushindwa. Nakuahidi.

Mzee wa Bandarini

Marahaba. Hilo daftari limenimaliza maneno. Mwambie babu yake wa Mombasa anasubiri ya 20.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Mimi niko Tanzania, shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Tuna 17, wenye viti mwendo ni wanne. Nimesoma uzi wote nikiwa na kiu. Huo uwanja wa sakafu ya mpira tutautoa wapi sisi? Hata darasa la kitengo linavuja.

Baba wa Watatu

Mwalimu, sakafu ile ni ghali, sikudanganyi, huku kwenyewe wanachanga muda mrefu. Lakini jiulize uwanja ule unafanya nini: uko tambarare na hauna kizingiti. Shuleni kwako hakuna sakafu ya saruji? Uwanja wa netiboli, korido pana, sehemu ya gwaride?

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Netiboli ipo, saruji, ina nyufa mbili.

Kocha wa Jioni

Basi unao uwanja. Ziba nyufa, gurudumu dogo la mbele likiingia kwenye ufa mtoto anaruka. Vituo chora kwa chaki, usiweke kitu chochote kilichoinuka. Punguza umbali, hatua kumi kutoka kituo hadi kituo zinatosha. Mpira wa soksi mnaujua kuutengeneza kuliko mimi, na kwa hawa ni bora kuliko wa dukani, hauumizi na hauendi mbali. Gongo lisiwe zito, kipande cha bomba la maji la plastiki ukikizungushia kitambaa kwenye mshiko kinafaa. Kwa vidole visivyoweza kushika, funga kiganja kwenye mshiko kwa kitambaa laini, si kwa kamba, na asiyefunga mwenyewe aulizwe kwanza kama anataka.

Jambo moja usiligeuze: saruji si mpira. Anayetembea kwa magongo au anayeanguka mara kwa mara akae na mwenza ubavuni muda wote, na mwenye kifafa avae kofia ngumu. Asubuhi au jioni tu, jua la mchana saruji inaunguza mikono ya wanaosukuma magurudumu.

Na wenza wachukue hapo hapo shuleni, darasa la sita na la saba. Wafundishe neno moja: subiri. Hilo ndilo gumu kwao, watakimbilia kusaidia.

Ukiwa Dar es Salaam, pale Azania Sekondari kuna uwanja wa besiboli, Wajapani wamewasaidia sana vijana wa Tanzania kwenye mchezo huu. Usiogope kwenda kuwaomba mtu mmoja aje awaonyeshe kurusha.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Bomba la maji ninalo nyumbani. Nyufa nitaziba kwa mfuko mmoja wa saruji, nitamwomba mwalimu mkuu kesho. Asanteni sana, nimekopi kila kitu.

Mama wa Mapacha

Aksanti baba kwa kuandika. Na mimi niko hapa Clarkston. Ya kwetu ni Uvira. Nilisoma siku tatu bila kujibu. Mapacha wangu, mmoja alizaliwa na mgongo wazi. Ana miaka 7. Kanisani sijawahi kumpeleka, watu wakiuliza ninasema amelala. Wanasemaga mambo mabaya juu ya mama. Kule kambini waliniambia nilikosea mimba. Dokta wa huku aliniambia hakuna nilichokosea, lakini maneno ya wa kwetu yananikaa zaidi kuliko ya dokta. Sasa nikimpeleka pale wa kwetu watamwona. Na bado anavaa nepi. Watamkubali?

Mwanamke wa Kigoma

Mama, nakushika mkono kutoka huku. Hukukosea chochote.

Baba wa Watatu

Mama, watamkubali. Hata hawataona ajabu. Pale kuna watoto wanaovaa nepi, kuna wanaolishwa kwa mrija tumboni, na kuna choo kikubwa chenye kitanda cha kumbadilishia mtoto mkubwa, mlango unafungwa, ni siri yake.

Kitu kimoja cha kukumbuka, maana niliona kwenye fomu: watoto wengi wa mgongo wazi miili yao haipatani na mpira wa asili, ule wa glavu za hospitali na maputo. Kama dokta aliwahi kukuambia hivyo, waandikie siku ya kwanza, wataangalia gongo na glavu anazopewa, na siku za sherehe hawataleta maputo. Kama hajakuambia, muulize. Kujiandikisha ni fomu na karatasi ya daktari. Sisi tulipewa fulana na kofia, na tuliposema hali yetu hatukudaiwa hela. Fomu ni ya Kiingereza, nitakusaidia, mke wangu naye atakuwepo ili usiwe peke yako na mimi.

Juu ya wa kwetu kumwona. Mke wangu amesoma ujumbe wako. Amesema nikuandikie hivi: na yeye aliambiwa hayo hayo, kwenye foleni ya maji, mtoto akiwa mgongoni anasikia.

Pacha wake naye mlete. Wanapokea watoto wazima kuwa wenza. Mara ya kwanza watakaa pamoja, hatoogopa.

Mama wa Mapacha

Pacha wake amesikia nikisoma kwa sauti. Ameenda kutafuta viatu.

Baba wa Watatu

Jumamosi hii tunatoka saa tatu asubuhi, mchezo unaanza saa nne. Gari letu lina pa kufungia viti viwili vya magurudumu, na nyuma zinabaki nafasi tatu. Nitumie ujumbe wa ndani uniambie mnakaa jengo gani, nitasimama mlangoni, hamtatembea. Mletee kofia ya jua na maji. Biskuti usijisumbue, atakuwa na kazi.